Njia Nafuu Kutoka Mahoo

Nilipata D ya hesabu kwenye mtihani wa kidato cha nne, na sina wa kumlaumu. Walimu walifundisha, karo ililipwa, taa ya kusomea ilikuwepo na mafuta yake. Nilifeli kwa sababu nilikuwa naliona jibu kabla ya kuonyesha njia, na mtihani unataka njia. Mdogo wangu alifanya mtihani huo huo miaka mitatu baadaye akapata A. Siku matokeo yake yalipotoka, Baba alitembea nayo mkononi mpaka nyumbani kwetu mtaa wa Mwakingali, akisimama kila duka la Voi lililokuwa na mtu wa kusalimiana naye. Yangu alikuwa ameyakunja akayatia mfukoni.

Nasema haya mapema ili mtu asije akanionea huruma. Nilimwonea wivu mdogo wangu, na si wivu wa kupita. Nilikula nao na kulala nao. Hakuwa amenikosea lolote. Alikuwa ananiita Dada kwa heshima, akirudi kutoka Nairobi ananiletea kitambaa au sabuni nzuri, na kila zawadi ilinichoma zaidi ya iliyotangulia. Laiti angekuwa na kiburi, ningepata pa kushikia.

Kabla shule haijatupima, mimi ndiye niliyekuwa mtoto wa Baba. Alikuwa mtu wa reli. Alianza kama gadi kwenye treni ya Taveta, yule anayekaa behewa la mwisho na bendera zake, akamalizia ofisini Voi akichora grafu ya treni. Grafu yenyewe ni karatasi ndefu: saa zimeandikwa kwa juu, stesheni zimepangwa pembeni, na kila treni ni mstari wa penseli unaokata kutoka upande mmoja hadi mwingine. Reli ilikuwa moja. Mistari miwili ikikutana mahali ambapo hapana njia ya kupishana, lazima treni moja isubiri stesheni ya nyuma. Jumamosi alinichukua ofisini, akanikalisha kwenye kiti chake juu ya mto, akaniachia rula.

Nilikuwa na miaka tisa. Aliniuliza ni treni gani isubiri, na isubiri wapi, nami nikamwonyesha kwa kidole. Alinifundisha kwamba kinachokula si mwendo, ni kusubiri, na kwamba kusubiri hakulingani. Treni ya kokoto ikisubiri Maktau jua la utosini haidhuru mtu. Treni ya ng'ombe ikisubiri hapo hapo kwa saa ile ile, kuna ng'ombe watashushwa wamekufa. Nilipopatia, alinigonga kichwani na penseli, taratibu, akasema mtoto huyu ana kichwa cha reli. Mdogo wangu hakuwahi kukaa kwenye kiti kile, maana Jumamosi zote nilihakikisha nimeamka kabla yake.

Nilipomaliza shule na D yangu niliingia kwenye biashara ya nyanya. Nilikuwa nanunua Mahoo, kule upande wa Taveta, shambani kwa mama mmoja aliyenipokea tangu nikiwa sijui kupanga kreti, na nauza Voi sokoni Ijumaa asubuhi. Kwenda nilipanda lori Jumatano asubuhi. Kurudi nilirudi na treni ya Alhamisi saa nane mchana, kwa sababu barabara ya wakati ule ilikuwa ya kokoto na mashimo, na nyanya iliyopita Mwatate ndani ya lori ilifika ikiwa mchuzi. Nilichuma Jumatano alasiri, nikalaza kreti kwenye banda la stesheni ya Taveta, nikapakia kesho yake. Kila safari nilipoteza kreti mbili hivi za kuoza katika thelathini. Wenzangu walipoteza tano, sita. Sikuwahi kujiuliza kwa nini nawashinda. Nilijua tu.

Basi ikawa mwaka wa tisini na nane, mdogo wangu akaja nyumbani likizo ndefu na kazi yake ya shahada ya pili. Alikuja na bunda la karatasi za kompyuta, zile zilizounganika zenye matundu pembeni, akazitandaza kwenye meza ya kulia. Zilikuwa zimejaa maduara na mishale. Baba, ambaye alikuwa amestaafu na macho yake yameanza kuingia ukungu, aliinama juu yake kwa dakika nzima. Kisha akavuta kiti.

Alimweleza Baba, nami nikasikia nikiwa jikoni, maana nyumba yetu haina siri. Kila duara ni mahali au hali fulani: nyanya iko shambani, nyanya iko bandani, nyanya iko ndani ya behewa. Kila mshale ni kuhama kutoka hali moja kwenda nyingine. Ndani ya mchoro mna saa zinazotembea, na mshale una sharti lake: huu unapitika saa ikifika hapa, ule unafungwa saa ikipita pale. Watu wa ng'ambo walikuwa wameshaandika kuhusu michoro ya saa namna hiyo miaka michache nyuma, ili kujua kama mashine inaweza kufika mahali pabaya. Yeye na mwalimu wake walitaka kuongeza gharama. Kila duara lipewe bei ya kukaa ndani yake kwa saa moja, halafu mtu aulize: katika njia zote za kutoka mwanzo hadi mwisho, ipi inakula kidogo kuliko zote?

Alitaka mfano wa kweli wa kufanyia majaribio, akachagua nyanya zangu. Aliniomba ruhusa vizuri. Nikasema chukua, nyanya si siri.

Tangu siku ile Baba akawa hapatikani. Chai yake alinywea pale mezani. Alimweleza mdogo wangu habari ya kokoto na ng'ombe, maneno yale yale, na kidole kile kile kikitembea kwenye karatasi. Mama alikuwa juu Wundanyi akilima, hakuwepo hata mtu wa kumlalamikia. Nilipita na sahani nikiwa nimenuna, nikazigonga kidogo kuliko nilivyotaka. Nilikuwa mwanamke wa miaka ishirini na sita mwenye biashara yake, na nilikuwa naona wivu kwa sababu ya meza.

Jioni moja walikwama. Mdogo wangu alikuwa anasema taabu ni kwamba muda hauna vipande. Unaweza kuondoka shambani saa kumi, au saa kumi na dakika moja, au nusu ya dakika hiyo, na hakuna mashine inayoweza kujaribu nyakati zote hizo kwa sababu hazina mwisho. Nilikuwa namenya viazi mlangoni. Nikasema bila kuinua kichwa kwamba nani aliwaambia wajaribu zote. Kama kukaa shambani kuna nafuu kuliko kukaa bandani, unakaa mpaka dakika ya mwisho kabla hujafungiwa. Kama bandani kuna nafuu, unaondoka shambani mara tu unaporuhusiwa. Katikati hakuna faida yoyote, ni mtu aliyelala tu ndiye anaondoka katikati. Wajaribu mwanzo na mwisho wa kila nafasi, basi.

Waligeuka wote wawili kunitazama. Nilidhani wananicheka.

Asubuhi yake mdogo wangu alikuwa ameandika kurasa sita. Ameweka herufi, ameweka alama, ameonyesha njia hatua kwa hatua kwamba kwa bei za namna ile, njia nafuu hupatikana ukingoni mwa nafasi, na kwa hiyo vya kujaribu vina idadi na mashine inaweza kumaliza. Akamsomea Baba. Baba akasimama, akamshika mkono, akautikisa kama alivyokuwa akitikisa mikono ya mainspekta. Mdogo wangu akasema wazo ni la Dada. Alisema, sitamsingizia. Baba akajibu kwamba wazo kila mtu analo, kuliandika ndiko kazi. Penseli ilikuwa mezani karibu na mkono wake, na hakunigonga nayo.

Nilitoka nikaenda kuchota maji ambayo hatukuyahitaji. Pale bombani niliapa kwamba kutoka leo, kilicho kichwani mwangu kitabaki kichwani mwangu.

Baada ya wiki moja mchoro ulitoa jibu. Mdogo wangu alinieleza kwa upole, akichagua maneno, na upole wenyewe ndio ulioniua. Ilionekana nilikuwa nimekosea miaka yote. Nyanya ikiwa bado kwenye mche haiozi, kwa hiyo kusubiri shambani ni bure. Kusubiri bandani Taveta ndiko ghali. Mimi nilikuwa nachuma Jumatano alasiri, halafu nalipa banda usiku kucha. Njia nafuu ilikuwa kuchuma Alhamisi alfajiri, dakika za mwisho kabisa zinazotosha kuiwahi treni. Kwa hesabu yake ningepoteza nusu kreti badala ya mbili. Tena ilikuwa ni kanuni yangu mwenyewe, ile ya ukingoni, iliyonigeukia. Baba alikuwa amekaa kando amefumba macho, akisikiliza.

Sasa nieleze kitu ambacho mdogo wangu hakukijua, kwa sababu alikulia Voi ambako maji hutoka bombani yakipenda. Mahoo wanalima kwa mifereji, na maji ya mfereji huenda kwa zamu. Kila shamba lina jioni yake. Zamu yako ikifika unafungua, maji yanakesha yakitambaa kwenye mistari, na asubuhi unamfungulia jirani. Huwezi kuahirisha, ukiacha zamu imekupita mpaka wiki ijayo. Yule mama niliyenunua kwake, zamu yake ilikuwa Jumatano magharibi. Nyanya iliyokaa siku saba na kiu, ikipewa maji usiku mzima, hunywa kupita kiasi. Ukiichuma asubuhi yake ngozi imekaza, inang'aa, nzuri kuitazama, na mpaka ifike Voi imepasuka kuzunguka kikonyo. Ndiyo sababu tunachuma kabla maji hayajafika. Hakuna aliyewahi kuniambia kwa mdomo. Nilikuta wanawake wote wakitoka shambani na vikapu kabla ya jua kushuka, nikafanya kama wao.

Kwa hiyo mchoro ulikuwa na saa mbili, ya nyanya na ya treni. Ulikosa ya tatu, ya mfereji. Ilikuwa sentensi moja tu. Ningeisema pale pale, mdogo wangu angefuta duara, na ningekuwa nimeshinda mbele ya Baba.

Lakini kushinda kwa namna ile kulikuwa kidogo. Angeandika kurasa sita nyingine, na Baba angeutikisa mkono mwingine. Nilitaka karatasi zile zianguke zenyewe, mchana, watu wakiona. Nikasema sawa, tujaribu Alhamisi hii. Baba akafumbua macho akanitazama. Akaniuliza kama nina neno lolote la kuongeza. Nikasema sina.

Mdogo wangu alitaka kufuatana nami. Nilimwambia lori lina nafasi moja tu, na lilikuwa na tatu.

Mahoo yule mama alikuwa ametoa vikapu tayari. Nilipomwambia tunachuma kesho alfajiri, alidhani sijamsikia vizuri, akanikumbusha kwamba maji yake ni leo. Nikamwambia najua. Akauliza kama nimegombana na mtu. Nikamjibu kwamba ni jaribio la shule.

"Mzigo ni wako, mwanangu," akasema. "Lakini nyanya hazina kosa."

Tulichuma alfajiri tukizama kwenye tope mpaka vifundoni. Zilikuwa nzuri mno zile nyanya. Kreti thelathini tukazifikisha stesheni mapema, zikapakiwa moja kwa moja bila kugusa banda, kila kitu kama mchoro ulivyoagiza. Nilikaa juu ya gunia karibu na mlango wa behewa. Tulipopita Maktau nilisikia harufu. Kufika Mwatate, chini ya kreti palikuwa pamelowa. Nilifurahi, nakiri. Nilikaa na mzigo wangu mwenyewe ukipasuka, pesa yangu na jasho la yule mama, nikafurahi mpaka Voi.

Walikuwa wananisubiri kwenye jukwaa la stesheni, Baba na fimbo yake, mdogo wangu na daftari. Kreti zikashushwa, akafungua ya kwanza, ya pili, ya tano. Hakulia. Alichukua nyanya moja akaizungusha mkononi akitafuta pale ilipopasukia, akachukua nyingine, akaona zote zimepasuka mahali pamoja. Aliandika hilo. Kisha akavua leso yake kiunoni akaanza kunisaidia kuchambua, akipangusa moja moja, na wapagazi walikuwa wanatupita wakicheka. Kreti kumi na tisa zilikuwa za kutupa. Furaha yangu haikufika nyumbani.

Ijumaa mchana, nilipotoka sokoni na vikapu vitupu vya aibu, niliwakuta barazani. Mdogo wangu alikuwa na mchoro magotini. Macho yake yalionyesha hakulala.

"Dada, nimekosea wapi?" aliniuliza. "Kama ni bei, niambie. Kama ni mimi, pia niambie."

Nilikuwa nimejiandaa kwa lawama. Nilikuwa na majibu ya lawama matano au sita, makali yote. La swali sikuwa nalo. Nikakaa kwenye ngazi, nikamwambia habari za zamu ya maji.

Hakuniuliza nilijua tangu lini. Alichora duara jipya nikiwa bado naongea, akaweka saa ya tatu, inayorudi sifuri kila Jumatano magharibi, akaandika kwamba saa hiyo ikishaanza upya, bei ya nyanya iliyo kwenye mche inapanda hapo hapo. Akafuata mishale kwa kidole. Kidole kikatoka shambani Jumatano alasiri, dakika za mwisho kabla ya maji, kikapita bandani, kikalipa usiku wake mmoja, kikaingia kwenye behewa. Akahesabu mara mbili. Akaniambia kwamba njia nafuu kuliko zote ni ile yangu, ya siku zote, na kwamba hata kanuni imesimama, maana ni ukingoni vilevile, sema ukingo mwingine. Alikuwa anacheka na kufuta machozi. Akasema kreti zile zimempa sura nzima ya kazi yake, akachukua sarafu akakimbilia kibanda cha simu kumwambia mwalimu wake.

Ndivyo alivyo mdogo wangu. Nilimpa sumu akaifanya mboga. Mpaka leo sura hiyo ipo kwenye kitabu chake chenye jalada gumu, na hata wivu wangu ulimsaidia kupata digrii.

Tulibaki wawili barazani. Nilidhani Baba amesinzia. Kisha akaanza kuongea, akiangalia upande wa reli ingawa kutoka pale haionekani. Alisema alipokuwa gadi, miaka tisa alipakia nyanya za Mahoo, na hakuwahi kuona mwanamke wa mfereji ule akileta mzigo uliochumwa baada ya zamu.

Nilichelewa kuelewa. Nikamuuliza kwa nini basi hakumwambia mdogo wangu, akamwacha aaibike stesheni.

"Kwa sababu si yeye niliyekuwa nampima," akasema. "Nilijua unajua. Nilikusubiri useme. Nilikuuliza pale mezani, ukasema huna neno. Jumatano lori likaondoka, nikasema labda atarudi kutoka Mwatate. Alhamisi nikasimama stesheni mpaka treni ikaingia, bado nakusubiri."

Aliinuka, akapapasa ukuta mpaka mlangoni, akaingia ndani. Penseli yake ilikuwa imebaki pale kwenye kiti. Niliiokota nikamfuata nayo, naye akaipokea, akaitia mfukoni.